Ngitili za Shinyanga na Sheria za Miti: Tangu Vita vya Mbung'o Hata Mashauri ya Hewa Ukaa

Kwa muda wa miaka mia sasa watu wa Shinyanga wamekuwa wakishindana katika mashauri mawili. La kwanza ni kama mti ukatwe au uachwe. La pili, lenye uzito zaidi, ni nani mwenye haki ya kulisema neno hilo. Siku hizi mashauri hayo huletwa kwa majina mapya: sheria za mabadiliko ya tabianchi, vipimo vya gesijoto, na biashara ya hewa ukaa. Walakini mwenye kuzijua habari za nchi hiyo ataona kwamba mengi yanayojadiliwa leo katika Bunge na katika mikutano ya mataifa yalikwisha kujadiliwa zamani chini ya miti ya Usukuma, tena na watu walioyalipia majibu yake kwa ng'ombe zao na mashamba yao. Makusudi ya makala hii ni kuzieleza habari hizo kwa utaratibu, kuanzia desturi ya ngitili, kupita amri za wakoloni na uhamisho wa vijijini, mpaka mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga na sheria za siku hizi. Na kuilinganisha nchi hiyo na jirani yake Geita, nchi ya dhahabu, ambako mti una kazi nyingine kabisa.

I. Nchi na maneno yake

Usukuma ni nchi ya uwanda na vilima vya mawe, kusini ya Ziwa Victoria. Katika Shinyanga mvua ni kama milimita 600 mpaka 900 kwa mwaka, nayo ni ya kigeugeu. Na tangu Juni mpaka Oktoba aghalabu hainyeshi kabisa. Wasukuma waliigawa nchi yao kwa jicho la mkulima na mfugaji. Juu ya mteremko, penye udongo wa kichanga, waliita luseni. Chini yake itogolo. Kisha ibambasi, udongo mgumu usiopitisha maji vizuri. Na chini kabisa mbuga, udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Amani, aliwaeleza wataalamu wenzake jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyofuatana kwa mpango kutoka kilimani mpaka bondeni. Wakulima wa Usukuma walikuwa na majina ya mpango huo tayari, na kila jina lilimwambia mtu apande nini na alishe wapi.

Katika nchi ya namna hii taabu ya mfugaji ni miezi ya mwisho ya kiangazi. Wakati huo majani yamekwisha, na ng'ombe wa kukokota jembe wanatakiwa wawe na nguvu kabla ya mvua za kwanza. Dawa ya taabu hiyo ndiyo ngitili. Mwanzo wa mvua mahali fulani palifungwa, wanyama wasiingie. Majani yakaachwa yakue, yakomae na kukauka yakiwa yamesimama. Ilipofika Julai au Agosti pakafunguliwa, kipande baada ya kipande, wakaingizwa kwanza ndama, ng'ombe wa jembe na wanyama wagonjwa. Zilikuwako ngitili za kaya moja, na ngitili za watu wote wa mahali. Miti ya ngitili haikupandwa na mtu. Visiki na mbegu zilizomo ardhini zilichipua zenyewe kwa kuwa hazikukanyagwa wala kuliwa.

Desturi hiyo ilikuwa na walinzi wake. Mwenye kuingiza mifugo katika ngitili iliyofungwa aliitwa mbele ya dagashida, baraza la watu wote, akaulizwa, na akionekana ana hatia akatozwa mchenya, yaani faini, mara nyingi ya mnyama. Juu ya mabaraza hayo alikuwako mtemi. Wengi hueleza kwamba jina hilo limetokana na kitenzi kutema, yaani kukata. Wengine wakifahamu kukata msitu ili watu wapate pa kukaa, wengine kukata maneno, yaani kuhukumu. Maelezo yote mawili yafaa kukumbukwa katika habari zitakazofuata, maana tangu zamani amri ya kukata na amri ya kuhukumu zilikaa katika mkono mmoja, na mkono huo ulijulikana ni wa nani.

II. Vita vya mbung'o na amri za Serikali ya Kiingereza

Katika miaka ya 1920 msitu ulikuwa adui. Mbung'o walikuwa wakienea, na palipo na mbung'o ng'ombe hawakai. Bwana C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyama wa porini ya Tanganyika, aliifanya Shinyanga kuwa makao ya vita vya kumpiga mdudu huyo. Hata ikaundwa idara maalumu ya utafiti wa mbung'o iliyokaa Old Shinyanga, naye akaiongoza mpaka alipokufa katika ajali ya ndege mwaka 1938. Njia kubwa ya vita hivyo ilikuwa kufyeka. Watemi waliwaita watu kwa maelfu wakati wa kiangazi, nao wakaangusha miti kwa mashoka na kuichoma. Kazi hiyo haikuwa ya kulazimishwa tu. Wafugaji wenyewe walitaka malisho yasiyo na mbung'o, na walipoyapata waliyajaza ng'ombe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili pamba ilipanda bei, mashamba yakapanuka, na Serikali ileile iliyoamuru miti ikatwe ikaanza kuogopa kwamba ardhi inakwisha. Ndipo ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947, makao yake yakiwa Malya. Watu waliamriwa kulima kwa matuta ya kuzuia maji, kupanda mihogo, kupunguza mifugo na kutokata miti ovyo. Na asiyetii alipelekwa katika baraza la wenyeji akatozwa faini au kufungwa. Baadhi ya amri hizo zilikuwa na maana njema, na wataalamu waliozitunga hawakuwa wajinga wa kilimo. Lakini zilikuwa nyingi kupita kiasi, na zilimgeuza mtemi kuwa askari wa bwana shamba. Katikati ya miaka ya 1950 watu walichoka, na chuki juu ya amri hizo ikawa kuni za siasa. Sehemu moja ya mpango ule ilikuwa kuwahamisha watu kutoka nchi iliyosongamana kwenda Geita, ambako msitu ulifyekwa ili wapate mashamba. Na ni watu wa Geita walioandamana kwa maelfu mpaka Mwanza mwaka 1958, wakilikataa baraza la wilaya lililoundwa bila ridhaa yao. Kesi yao ilihusu baraza. Lakini nyuma yake yalikuwako matuta, faini na hesabu za ng'ombe.

Jambo moja la wakati ule lafaa kuangaliwa. Katika muda usiofika miaka thelathini mkulima wa Shinyanga aliamriwa kwanza kukata mti, kisha kuuacha, na amri zote mbili zililetwa kwake kuwa ni elimu isiyo na shaka. Mtu aliyekwisha kusikia hayo hawezi kulaumiwa akiipokea elimu ya tatu kwa kuuliza maswali.

III. Uhamisho wa vijijini

Mwaka 1963 utawala wa watemi ulifutwa kwa sheria. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 siasa ya vijiji vya ujamaa ilianza kwa hiari. Mnamo mwezi wa Novemba 1973 ikaamriwa kwamba watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini kabla ya mwisho wa 1976. Vijiji vilileta shule, zahanati na visima, na haki haikubali hayo yasahauliwe. Lakini ngitili zilipata pigo kubwa. Mwenye ngitili alihamishwa akakaa mbali nayo. Usiku hakuweza kujua nani ameingiza ng'ombe, na mchana hakuwa na haki inayotambuliwa ya kumtoa. Kitu kilichokuwa cha kaya au cha ukoo kikawa cha wote, na cha wote kikawa hakina mlinzi. Watu na mifugo waliokusanyika mahali pamoja walimaliza miti iliyo karibu, kisha wakaenda mbali zaidi kila mwaka kutafuta kuni.

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alizuru mkoa akaiona hali ya ardhi yake ilivyo mbaya, naye akasema wazi kwamba Shinyanga inageuka jangwa. Katika hesabu iliyofanywa baadaye, ngitili zilizojulikana kuwapo mwaka 1986 zilikuwa kama hekta 600 tu, katika mkoa ambao wakati huo ulienea hata sehemu ambazo tangu 2012 ni za Mkoa wa Simiyu.

IV. Hifadhi Ardhi Shinyanga

Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa kwa ufupi HASHI, ulianzishwa mwaka 1986 chini ya idara ya misitu, ukasaidiwa na Serikali ya Norway, na baadaye na wataalamu wa kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto chenye makao Nairobi. Mwanzo wake haukutofautiana sana na miradi mingine: vitalu vya miche vilifunguliwa, watu wakapewa miti ya kigeni wapande. Miche mingi ililiwa na mchwa na kiangazi. Ndipo wafanyakazi wa mradi walipokwenda kuuliza wazee jinsi nchi ilivyokuwa na miti zamani, wakajibiwa kwa neno moja: ngitili.

Hapa neno lenyewe lina habari yake. HASHI ni jina la Kiswahili sanifu, na ndani yake limo neno hifadhi, lenye asili ya Kiarabu, ambalo kwa Mtanzania wa kijijini mara nyingi ni neno la ofisini: humaanisha mahali alipokatazwa kuingia. Ngitili ni neno la nyumbani. Humaanisha mahali alipofunga mwenyewe, kwa faida yake, na atakapofungua mwezi anaoujua. Mradi uliliacha neno hilo katika Kisukuma chake, ukaliandika hivyo katika taarifa zake, na kwa kufanya hivyo ukachukua pamoja nalo dagashida na mchenya. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 ilivipa vijiji uwezo wa kutunga sheria ndogo. Basi makatazo ya wazee yakaandikwa yakawa sheria ndogo, na sungusungu, waliokuwa wameinuka mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wezi wa ng'ombe, wakawa pia walinzi wa majani.

Matokeo yake yamesemwa sana, tena kwa haki. Uchunguzi uliofanyika mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulionyesha kwamba ngitili zilikuwa zimezidi hekta 300,000, katika vijiji 833. Zilihesabiwa aina 152 za miti na mimea mingine, na aina 145 za ndege. Faida ya ngitili kwa kuni, majani, dawa, asali na mbao ilikadiriwa kuwa kama dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, nayo ilizidi wastani wa matumizi ya mtu wa vijijini nchini wakati huo. Wanawake waliokuwa wakitembea saa nyingi kutafuta kuni waliokoa sehemu kubwa ya siku. Mwaka 2002, katika mkutano wa dunia uliofanyika Johannesburg, mradi ulipewa tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Mradi ulikwisha mwaka 2004. Ngitili hazikwisha pamoja nao.

Hata hivyo sifa isifunike kasoro. Mwenye ardhi nyingi na ng'ombe wengi aliweza kufunga ngitili kubwa. Asiye na kitu alifungiwa nje, akanunua majani au kuni alizokuwa akiokota bure. Mjane ambaye shamba lake lilisemwa kwa jina la marehemu mumewe hakuwa na sauti sawa barazani. Na ngitili ya kaya, kwa kuwa ilisimama juu ya desturi zaidi kuliko hati, iliweza kugawanywa kwa warithi, kukodishwa, kulimwa mahindi, au kuchomwa mkaa wa kuuzwa mjini, wakati wowote mwenyewe alipobanwa na haja ya ada ya shule au ugonjwa.

V. Geita: mti wa matimba

Magharibi ya Shinyanga upo ukanda wa dhahabu. Mgodi wa Geita ulichimbwa wakati wa Waingereza tangu miaka ya 1930 hata miaka ya 1960. Mgodi mpya mkubwa ukafunguliwa mwaka 2000, na ule wa Bulyanhulu, katika Kahama, mwaka 2001. Pembeni ya migodi hiyo, katika Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na kwingineko, wako wachimbaji wadogo kwa maelfu.

Kwa mchimbaji mdogo mti ni uhai kwa maana iliyo wazi kabisa. Duara, yaani shimo la kushukia, huzuiwa lisibomoke kwa matimba, magogo yaliyopangwa kukizunguka kinywa na kuta zake. Matimba huoza kwa maji na joto, hubadilishwa, na duara likipata mwamba wenye dhahabu huchimbwa mengine jirani yake. Magogo hayo kwa muda mrefu yametoka katika misitu ya asili, hata ile iliyotengwa na Serikali. Kumwambia mtu aliye chini ya ardhi kwamba asitumie gogo kwa ajili ya hali ya hewa ya dunia ni kusema naye maneno asiyoweza kuyasikia. Lakini kumwuliza kama gogo la mkaratusi uliopandwa kwa kazi hiyo halifai badala ya gogo la msitu ni swali la biashara, naye atalijibu kwa bei.

Kadhalika katika jambo la nguvu za mashine. Makarasha ya kusagia mawe yaliendeshwa kwa dizeli, na mgodi mkubwa wenyewe kwa miaka mingi ulijitengenezea umeme kwa mafuta. Umeme wa gridi ya taifa unapofika hupunguza moshi huo, ingawa haufuti wote, kwa sababu sehemu ya umeme wa gridi hutokana na gesi ya Songo Songo na Mtwara. Bwawa la Julius Nyerere katika Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kutoa umeme mwaka 2024. Na katika Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, mkataba wa kujenga kituo cha umeme wa jua ulitiwa saini mwaka 2023. Hizo ni njia zinazoshikika. Tofauti ya Geita na Shinyanga ni kwamba mchimbaji wa Geita ni mpitaji: duara likikauka huondoka, na mti aliouacha nyuma utamfaa mwingine. Ngitili haikuweza kuota mahali ambapo mtu hana hakika ya kuwapo Agosti ijayo.

VI. Sheria za hewa

Mapatano ya mataifa juu ya tabianchi yaliyofanywa Rio de Janeiro mwaka 1992 yaliridhiwa na Tanzania mwaka 1996. Itifaki ya Kyoto mwaka 2002. Mapatano ya Paris mwaka 2018. Kwa kufuatana nayo Tanzania ilitangaza mwaka 2021 kwamba itapunguza gesijoto kwa asilimia 30 mpaka 35 ifikapo 2030, ikilinganishwa na hali ambayo ingekuwapo pasipo kufanya lolote. Kiini cha kazi hiyo kwa nchi hii ni miti: kati ya 2002 na 2013 nchi ilikadiriwa kupoteza msitu kama hekta 470,000 kila mwaka.

Kuna wasemao kwamba mzigo huu si wa Mtanzania, kwa kuwa moshi uliojaza anga ulitoka katika viwanda vya Ulaya, Marekani na Asia, na mchango wa mkulima wa Kishapu ni kama tone baharini. Hoja hiyo ni ya haki, na haijibiki kwa hesabu. Hujibiwa kwa njia nyingine: watu wa Shinyanga walipofunga ngitili hawakuwa wakilipa deni la mtu wa Ulaya, walikuwa wakitafuta majani ya Septemba. Hewa ukaa iliyofungwa katika visiki vyao ni faida iliyokuja nyuma ya faida. Hatari iko pale sheria itakapoigeuza faida ya nyuma kuwa ya mbele, ngitili ikafungwa kwa ajili ya mnunuzi wa mbali, na mwezi wa kuifungua ukaandikwa katika mkataba.

Mwaka 2008 Norway na Tanzania zilipatana juu ya mpango wa kulipia misitu inayohifadhiwa, na mojawapo ya miradi ya majaribio iliyofuata ilifanywa katika ngitili za Shinyanga, wanakijiji wakifundishwa kupima miti yao wenyewe. Kanuni za biashara ya kaboni zilitolewa mwaka 2022 na kurekebishwa mwaka 2023, nazo zinaeleza jinsi mapato yatakavyogawanywa. Wenyeji wasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Basi swali la daftari ndilo swali lenyewe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamwezesha mtu kupata hati ya haki ya kimila. Sheria ya Misitu ya 2002 inakitambua kijiji kuwa chaweza kuwa na msitu wake. Ngitili ya kaya isiyo na hati inasimama kati ya mlango huu na ule: mti ni wa mwenye kaya kwa desturi, ardhi ni ya kijiji kwa sheria, na hewa inauzwa na atakayetia saini.

Hata lugha inaongeza shaka. Katika Kiswahili cha Tanzania neno hewa limepata maana ya kitu kisichokuwapo: mtumishi hewa ni jina lililo katika orodha ya mshahara lakini mtu wake hayuko. Mzee anapoambiwa auze hewa ana haki ya kuuliza kama fedha zake nazo zitakuwa hewa. Ukaa, kwa upande mwingine, ni jamaa ya mkaa, kitu anachokijua kwa uzito na kwa gunia. Mwenye kutaka kueleza sheria hii vijijini na aanzie kwenye mkaa.

Na mkaa wenyewe uko katika mashauri. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziliamriwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia wa 2024 mpaka 2034 unakusudia asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo ifikapo mwisho wake. Amri inaweza kufunga jiko la shule. Haiwezi kujaza mtungi wa gesi wa mama anayenunua mkaa wa kopo kwa siku, kwa sababu fedha zake zenyewe huja kwa siku. Hapo linarudi somo la matuta ya Malya: jambo jema likiletwa kwa faini kabla ya kuletwa kwa njia ya kulifanya, watu hujifunza kulichukia jambo pamoja na faini.

Kutokana na habari hizi haifai kusema kwamba sheria ya juu haina kazi. Mchenya wa wazee haukuweza kuzizuia ngitili zisivunjwe na Operesheni ya Vijiji. Ni sheria ndogo zilizoandikwa, na Serikali iliyozitambua, zilizozirudisha. Kazi ya sheria ya taifa katika Shinyanga imekuwa njema kila ilipompa mwenye ngitili nguvu ya kusema hapana, kwa mwenye ng'ombe, kwa mchoma mkaa, au kwa ofisi. Kabla mkataba wowote wa hewa haujatiwa saini, dagashida yafaa iulizwe wazi: ngitili hii ni ya nani, mjane na asiye na ng'ombe watapata nini, itafunguliwa mwezi gani, na mkataba ukisha baada ya miaka mingi, funguo zitakuwa kwa nani. Maswali hayo manne hayahitaji mtaalamu wa hewa. Wazee wa Usukuma walikuwa wakiyajibu kila mwaka, mvua zilipoanza.